Lori la marehemu baba, Scania 81: nataka kuliendesha kihalali kwa mizigo yangu mwenyewe

Binti wa Uwemba

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wakubwa mliomo humu.

Baba yetu alifariki mwaka juzi, akatuachia shamba la viazi hapa Uwemba, Njombe, pamoja na lori. Ni Scania 81, ekseli mbili, kabini ya kukalia juu ya injini, bodi ya mbao. Alilinunua miaka ya tisini kwenye mnada wa shirika moja la umma, na kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa kwamba limeunganishwa hapa hapa nchini, TAMCO Kibaha. Ada zetu za shule zilitoka kwenye lori hili. Tangu 2018, baba alipoanza kuumwa, limesimama kwenye banda la mabati. Fundi alikuja akafunga betri za kuazima, akasafisha nozeli, likawaka. Mama alilia.

Nia yangu iko wazi. Sitaki kufanya biashara ya usafirishaji. Nataka kubeba viazi vyangu toka shambani hadi Makambako, na msimu ukiwa mzuri nivifikishe Dar mwenyewe, kwa sababu bei ambayo madalali wanatupa shambani inaumiza. Kurudi nibebe mbolea, mbegu na saruji ya ujenzi wa nyumba ya mama. Mzigo wa mtu kwa pesa, hapana.

Hali ya karatasi ni hii. Kadi ya gari ipo, ina jina la baba. Namba ni hizi za T, kibao cheupe. Injini iliyomo siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi, baba alibadilisha zamani. Bima ilikwisha 2018. Mimi nina leseni daraja D na nimekuwa nikiendesha pickup ya shamba kwa miaka.

Sasa kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia gari la matumizi binafsi halihusiani na mizani. Mwingine anasema D inatosha maadamu lori ni la kwangu. Na kuna jamaa anayezunguka kwenye ofisi za mjini kaniambia tuandike mkataba wa mauziano wenye tarehe ya wakati baba yu hai, "tutaweka sahihi ya mzee," mambo yaishe kwa wiki moja. Hilo la mwisho limenikosesha usingizi, maana sahihi ya baba naijua, na sitaki mtu aiguse.

Wa vyuma chakavu pia walishakuja na mizani yao ya kuning'iniza. Niliwarudisha.

Nisaidieni kwa utaratibu. Naanzia wapi?

---

Utingo wa Zamani

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Mimi nilianza kama utingo kwenye barabara hiyo hiyo ya Tunduma hadi Dar, nikapanda usukani, sasa nimestaafu na nina Scania 82 yangu Mafinga inayobeba mahindi yangu tu. Kwa hiyo unachokiuliza nimekipitia chote, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanapotea hapa.

Ushike jambo moja kabla ya mengine yote: sheria ya barabarani inalitazama gari kwa uzito wake, haitazami nia yako. Askari au karani wa mizani hajali kama viazi ni vyako au vya jirani. Mahali ambapo "binafsi" ina maana ni matatu tu: kwenye usajili wa matumizi, yaani kibao cha njano au cheupe, kwenye bima, na kwa LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kwingine kote wewe ni lori kama lori la kampuni.

Leseni. D haifiki hapo. D ni ya magari ya kawaida, gari zito limetolewa humo. Unahitaji E, daraja la magari mazito, iwe lori ni la kwako, la kanisa au la serikali. Na E haichukuliwi dirishani kwa kulipa tu. Unapita kozi ya magari makubwa kwenye chuo kinachotambulika, NIT pale Mabibo au VETA, unapata cheti, unajaribiwa na polisi, ndipo unaongezewa daraja. Kukaa kwako na D kwa miaka mingi kunakusaidia, kwa sababu hawamruhusu mtu kuruka toka kujifunza kwenda E. Usiione kozi kama kikwazo. Pickup haikufundishi breki za upepo, wala namna tani nane zinavyokusukuma mgongoni kwenye mteremko. Wakati unasoma, tafuta dereva mwenye E akuendeshee, na uione leseni yake kwa macho yako kabla hujampa ufunguo.

Kuna kitu watu wanakisahau. Ukipata ajali ukiwa na D kwenye lori, bima inaweza kukukataa. Hapo shamba la baba yako linaingia hatarini kwa deni la watu usiowajua.

Usajili. Suala la mirathi namwachia anayelijua vizuri zaidi, nimeona Kalamu ya Baraza yumo humu. Mimi niseme la injini, maana ndilo linalowakwamisha wenye magari ya umri huu. Hakuna Scania 81 inayotembea leo ikiwa na kila kitu ilichozaliwa nacho. Nyingi zilikuwa na ile ya lita 7.8, ikachoka, watu wakaweka ya 82 au ya 93. Siyo dhambi. Ila namba ya injini iliyoko kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bloku lazima zifanane, vinginevyo mkaguzi wa polisi ana haki ya kukushuku kwamba umeunganisha magari mawili. Pekua makaratasi ya mzee. Wazee wale walikuwa wanatunza risiti kwenye mabati ya biskuti na chini ya magodoro. Ukipata risiti ya injini au hata hati ya makabidhiano kutoka gereji iliyoifunga, nenda nayo TRA uombe taarifa za gari zirekebishwe, na gari likaguliwe. Fanya hivyo katika safari hiyo hiyo ya kubadilisha jina.

Kabla ya hapo safisha chesi. Namba imegongwa kwenye chesi upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele, na kwa lori lililokaa kwenye banda utakuta matope ya miaka na grisi vimeifunika. Tumia brashi na mafuta ya taa. Msitumie grainda! Nimeona kijana anasafisha kwa grainda akafuta tarakimu mbili, na gari halali kabisa likageuka la kutiliwa shaka. Piga picha ya namba ikiwa safi, uihifadhi.

Ada ya mwaka, ile leseni ya barabara tuliyokuwa tunabandika kwenye kioo, isikutishe. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Lori lako limesimama 2018, kwa hiyo miaka hii ya bandani haikukuzalishia deni la aina hiyo.

Kibao. Cheupe ni cha biashara, cha njano ni cha binafsi. Lako ni cheupe kwa kuwa mzee alikuwa anabeba mizigo ya watu. Ukiwa unahamisha umiliki, omba na kubadili matumizi. Watakuhoji, na ni haki yao, kwa sababu lori la tani hizo la njano linaweza kuwa la mtu anayekwepa kodi. Nenda na ushahidi kwamba una shamba: hati au barua ya kijiji, risiti za pembejeo, ushuru wa mazao uliowahi kulipa halmashauri. Mimi langu nimeliacha jeupe kwa hiari yangu, kwa kuwa mwanangu anaweza kutaka kufanya biashara siku moja. Lakini wewe umeshasema hutaki, basi lipeleke kwenye njano uwe na amani.

LATRA. Siku utakayobeba gunia la jirani kwa malipo, hata kama ni "changia dizeli tu", umekuwa msafirishaji na unatakiwa leseni yao. Ukirudi toka Dar na lori tupu utashawishiwa, nakuambia ukweli. Pale Mikese au Mbuyuni mtu atakusimamisha na mzigo na pesa mkononi. Amua mapema. Na kabla ya safari ya kwanza, pita ofisi ya LATRA ya mkoa ukiwa na kadi mpya uwaeleze matumizi yako, wakuambie kwa kauli yao.

Bima. Usitegemee ile laki moja na kumi na nane tuliyozoea kwenye gari dogo. Lori lina viwango vyake kufuatana na tani. Ukifika kwa wakala sema waziwazi: gari la mizigo, mizigo ya mwenyewe. Kuna fungu la mizigo ya mwenyewe na fungu la mizigo ya watu kwa malipo, na la pili ni ghali zaidi. Wakala mvivu atakuandikia lolote. Soma kilichoandikwa, kisha hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla hujaondoka pale dirishani.

Sasa mizani, na hapa naomba unisikilize sana.

Gari lolote ambalo uzito wake pamoja na mzigo unaoruhusiwa unafika tani 3.5 au zaidi linaingia mizani. Likiwa na mzigo linaingia, likiwa tupu linaingia. Hii ni sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, na hapa kwetu ilianza kutumika Machi 2019. Ukitoka kwenu kwenda Dar utakutana na Wenda pale Iringa, Mikumi, Mikese, Vigwaza. Ukipita bila kuingia ni kosa kubwa.

Ekseli ya usukani ni tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10. Jumla 18. Lakini angalia na kibao cha kiwandani kilichoko kwenye kabini: namba iliyo ndogo ndiyo inayokufunga, na lori la umri huo huenda halikutengenezwa kwa 18.

Watu wengi wanaangalia jumla, wakati ekseli ndiyo inayowakamata. Chukua mfano. Lori lako tupu tuseme lina tani 6.5: 3.5 mbele, 3 nyuma. Unapakia magunia 90 ya kilo 100, tani 9. Jumla 15.5, uko chini kabisa ya 18, unaimba. Ila kwa bodi ya kabini kama yako, mzigo uliosambazwa sawasawa unalala nyuma kama asilimia 80. Hiyo ni tani 7.2 juu ya zile 3. Ekseli ya nyuma 10.2. Umeshazidisha. Ukipakia magunia 80, nyuma inakuja 9.4 na unapita. Na viazi vya Njombe vinachimbwa na udongo, mvua ikivinyeshea vinaongezeka uzito njiani. Kwa hiyo pima lori likiwa tupu kwanza, ekseli kwa ekseli, uandike namba zako kwenye daftari la gari. Halafu anza kupanga magunia ukutani kwa kabini, mkia uwe mwepesi.

Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, usikubali kabisa. Imekatazwa, inamwibia mkulima ambaye safari hii ni wewe mwenyewe, na inakuharibia hesabu ya mizani kwa kuwa hujui tena gunia lina kilo ngapi.

Barabarani: 80 kwa saa ndiyo mwisho wako nje ya makazi, 50 kwenye makazi. Kizima moto, pembetatu mbili, stika za kuakisi mwanga zilizo safi. Barua ya mtendaji wa kijiji kwamba mazao ni yako, na risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri. Viweke pamoja kwenye bahasha moja ya plastiki.

---

Mkulima wa Ilembula

Dada, kwa heshima zote, uza hilo chuma uchukue Canter. Linakula dizeli, spea taabu, na usumbufu wote huo wa mizani na E unaukwepa.

---

Utingo wa Zamani

Mkulima, Canter nyingi nazo uzito wake unaoruhusiwa unavuka tani 3.5, kwa hiyo mizani inaingia vilevile na leseni ni mjadala huo huo. Asome kibao cha gari, asitazame ukubwa kwa macho. Dizeli nakubali, hapo umesema kweli. Lakini magunia 80 kwa Canter ni safari mbili au tatu, na kila safari ina dizeli yake na dereva wake.

Na lori hili analijua historia yake yote. Canter ya kununua mtaani hajui ilipinduka wapi.

---

Kalamu ya Baraza

Pole kwa msiba dada. Nimefanya kazi za mahakama kwa muda mrefu, nakupa njia ya mirathi.

Kwanza lile la mkataba wa tarehe za nyuma. Kataa na usirudi tena kwa mtu huyo. Kuweka sahihi ya marehemu ni kughushi, ni jinai, na siku ndugu mmoja akikasirika atalitoa mahakamani. Hapo lori linashikiliwa na wewe unashtakiwa, wakati haki yako ilikuwepo tangu mwanzo.

Njia halali siyo ngumu kama watu wanavyoitisha. Familia inakaa kikao, mama yako akiwemo, mnamteua msimamizi wa mirathi, mnaandika muhtasari na kila mmoja anasaini. Msimamizi anachukua muhtasari huo na cheti cha kifo cha RITA, anakwenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo ambalo marehemu aliishi, anajaza Fomu Namba 1. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pasipokuwa na pingamizi, msimamizi anathibitishwa na kupewa hati yake. Kuanzia hapo anawajibika kurudisha mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, na hesabu za mgawanyo, Fomu Namba 6, ndani ya miezi minne. Wengi wanachukua hati wakapotea, miaka inapita, mirathi inabaki wazi. Usifanye hivyo.

Kwenye muhtasari au kwenye mgawanyo liandikwe lori lenyewe kwa namba ya usajili na namba ya chesi, na kwamba warithi wote wamekubali liwe lako. Kama ndugu zako wanataka fidia ya sehemu yao, iandikwe ni kiasi gani na italipwaje. Nimeona familia zikivunjika kwa sababu lori liliandikwa "gari moja" wakati marehemu alikuwa na mawili.

Ukishakuwa na hati ya usimamizi, mgawanyo, kadi ya zamani, TIN yako na kitambulisho cha NIDA, unakwenda TRA. Kama kadi ingekuwa imepotea ungeanza polisi kwa taarifa ya upotevu, lakini yako ipo, itunze kama mboni ya jicho. Kwa uhamisho wa kawaida nilioushughulikia mimi walitoza shilingi 50,000 za uhamisho, 10,000 za kadi na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kwa mirathi waonyeshe hati ya mahakama mapema, kabla hawajakukadiria chochote, wajue kwamba hapa hakuna aliyeuza.

Swali moja: ndugu zako mko wangapi, na kuna aliye mbali?

---

Fundi Dizeli Makambako

Karatasi zimeshasemwa vizuri. Mimi niseme chuma, kwa sababu lori likiwaka watu wanadhani limepona.

Lori lililokaa miaka halifi injini kwanza. Linakufa mpira. Hosi za breki zinakauka ndani, kwa nje zinaonekana nzima, unapiga breki mara ya kwanza unapata upepo, mara ya kumi hosi inapasuka. Badilisha zote, usichague. Mipira ndani ya chemba za breki, zote. Tenki za upepo fungua koki za chini, utatoka maji yenye kutu. Zikitoa magamba ya kutu, tenki linabadilishwa, halichomelewi.

Kipimo changu ni hiki. Washa injini mpaka geji ya upepo itulie juu. Zima. Usikanyage breki, angalia mshale dakika kadhaa. Ukishuka, kuna panapovuja, zunguka na maji ya sabuni. Kisha kanyaga breki ushikilie, uangalie tena. Ikishuka haraka sasa wakati mwanzo ilitulia, uvujaji uko kwenye chemba au hosi za magurudumu. Halafu chezea pedali upepo upungue hadi taa na king'ora cha onyo viwake. Visipowaka kabla upepo haujaisha, gari halitoki gereji yangu.

Slaki, yaani virekebisha breki, zirekebishwe magurudumu yote kwa kipimo kimoja, vinginevyo lori litavuta upande mmoja kwenye mteremko.

Springi za nyuma hesabu majani. Wazee walikuwa wanaongeza majani wabebe zaidi. Majani ya ziada hayakuongezei uzito unaoruhusiwa hata kilo moja, yanafanya tu chesi ipokee mishtuko ambayo springi ilitakiwa kuimeza. Angalia chesi nyuma ya kabini na pale springi za nyuma zinaposhikwa, piga tochi, tafuta nyufa na mahali palipochomelewa. Ukikuta ufa usiruhusu mtu aweke bati juu na kuondoka. Nitafute au tafuta fundi wa chesi anayejua kazi.

Rimu zako kama ni zile za ringi, tairi za 1000-20 zenye tyubu, nakuomba kwa moyo wote: kijana asijaze upepo akiwa amesimama mbele ya ringi. Ringi ikiruka inaua. Ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, au walau tairi ifungwe minyororo, na mjazaji akae mbali na hosi ndefu.

Dizeli ya 2018 iliyomo kwenye tenki imwage yote, usafishe tenki, ubadili filta. Spea za 81 zipo, Gerezani Dar wanazo, nyingine zinaingiliana na 82. Nenda na kile cha zamani mkononi, usiagize kwa jina.

---

Binti wa Uwemba

Asanteni sana, nimesoma kila mstari nikiwa na mama pembeni. Mzee Utingo, nilikwenda kutazama: chini ya sanduku la baba kuna bahasha ya karatasi za gereji, na risiti ya injini imo! Imechakaa lakini namba inasomeka, na inafanana na ya kwenye bloku.

Kalamu ya Baraza, tuko wanne. Kaka mkubwa yuko Mwanza, amekubali kwa simu na atakuja kikaoni. Tumekubaliana mimi nichukue lori, wao waongezewe kwenye eneo la miti.

Yamebaki mawili. Kwanza, vibarua wa kupakua. Baba alikuwa anawapakia juu ya magunia hadi Makambako. Inaruhusiwa? Pili, mlima Kitonga. Huyu dereva niliyepata ana E, ni kijana, amezoea magari mapya. Nimwambie nini?

---

Utingo wa Zamani

Hongera kwa risiti. Itoe nakala leo, ya asili iende kwenye plastiki.

Vibarua juu ya mzigo, hapana. Lori la mizigo siyo la abiria, trafiki akikukamata ana haki, na bima yako haiwajui watu wale. Kabini ya 81 inakaa dereva na wawili. Wengine wapande basi, ulipe nauli yao uiweke kwenye gharama za mzigo. Tuliwazika wengi waliokaa juu ya magunia miaka ile, na wengine walikuwa watoto wenzangu wa kazi.

Kitonga. Mkiwa na mzigo mnateremka, kwa sababu mnatoka Iringa kwenda Dar, na hapo ndipo magari mapya yanamdanganya kijana. Ana mfumo wa kupunguza mwendo wenye nguvu, anateremka gia ya juu akigusa breki kidogo kidogo. Kwenye 81 hana hiyo. Ana breki ya moshi, ile inayoziba moshi wa injini ili mwendo upungue, na ana gia, basi. Asimame kabla ya mteremko kuanza, mahali palipo wazi, aangalie geji ya upepo, apige nyundo tairi, aguse kila gurudumu kwa mgongo wa mkono asikie kama lipo lenye joto kuliko wenzake. Kisha aingie mteremko kwenye gia ile ile ambayo angepandia mlima huo akiwa na mzigo, siyo moja juu yake. Gia ichaguliwe juu, asijaribu kuibadilisha katikati, maana sanduku hilo likikataa kuingia utabaki huru na tani kumi na nne nyuma yako. Injini ikianza kulia sana, akanyage breki kwa nguvu mara moja mpaka mwendo ushuke, aachie kabisa ipoe, arudie. Akishikilia mguu juu ya pedali njia nzima laini za breki zinapata moto, zinateleza, na akifika zile kona za chini hana kitu.

Akinusa harufu ya laini zikiungua, asimame palepale penye nafasi, weka mawe, kaa nusu saa. Hakuna mnunuzi wa viazi anayestahili haraka hiyo. Na asikubali dereva wa nyuma amsukume kwa honi.

Safari ya kwanza usimpeleke Kitonga kabisa. Mpe Makambako na magunia 40, mwende na kurudi, fundi apige tena ule mtihani wa upepo na kukaza nati za magurudumu, maana baada ya kufunguliwa zinalegea. Ukishaona limetulia ndipo umfikirie Dar. Mwambie kijana anipigie kabla hajaondoka, nimekutumia namba kwa ujumbe wa faragha.